Mafunzo ya Wakutubi Mikutanoni: Kipimo Chake ni Huduma Katika Maktaba ya Wilaya

Katika ratiba ya karibu kila mkutano wa wakutubi huwemo muda uliotengwa kwa ajili ya mafunzo ya kitaaluma. Hotuba ya ufunguzi hupewa nafasi kubwa katika taarifa za habari, na maazimio husomwa siku ya mwisho mbele ya wageni waalikwa. Vikao vya mafunzo hufanyika katika vyumba vya pembeni, kwa makundi madogo, na ni nadra kutajwa. Hata hivyo, vikao hivyo ndivyo vinavyomgusa mwananchi wa kawaida kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa mtumishi aliyeketi humo wiki hii ndiye atakayekuwa kwenye kaunta ya maktaba ya mkoa au wilaya wiki ijayo, akiulizwa swali ambalo huenda hakuwahi kufundishwa chuoni.

Uchambuzi huu unaangalia mafunzo hayo kwa jicho la mwananchi anayehudumiwa. Hoja yake ni moja: kikao cha mafunzo kina thamani pale tu mwajiri anapokifanya kuwa sehemu ya kazi, yaani anapokitengea muda, fedha na ufuatiliaji. Bila mambo hayo matatu, mtumishi hurudi na cheti na mkoba wa mkutano, na huduma hubaki kama ilivyokuwa.

Maktaba inaombwa nini leo

Kwa miaka mingi picha ya mkutubi machoni pa wengi imekuwa ni mtu anayepanga vitabu, kugonga mhuri wa tarehe ya kurejesha na kuwataka wasomaji wapunguze sauti. Kazi hizo bado zipo, lakini maswali yanayoletwa maktaba yamebadilika.

Tuchukulie kijana aliyehitimu chuo na kuona tangazo la nafasi za kazi serikalini. Maombi hayapokelewi tena kwa bahasha. Anatakiwa kujisajili katika mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa, na apakie vyeti vyake vikiwa katika muundo unaotakiwa kabla ya tarehe ya mwisho. Mdogo wake anayeomba mkopo wa elimu ya juu naye hufanya hivyo kwa njia ya mtandao. Asiye na kompyuta nyumbani huenda kwenye duka la stesheneri, hulipia huduma, na mara nyingi humwachia mhudumu neno lake la siri pamoja na nakala za vyeti. Akikosewa herufi moja ya jina, au neno la siri likipotea pamoja na aliyelitengeneza, nafasi yake imekwenda.

Maktaba ya umma ingeweza kuwa mahali salama pa kufanyia kazi hiyo. Ina meza, ina utulivu, na katika maeneo kadhaa ina kompyuta na intaneti. Kinachohitajika zaidi ni mtumishi anayejua kumwongoza mwananchi afanye mwenyewe bila kuchukua siri zake, anayeweza kumwonyesha namna ya kutofautisha tovuti ya Serikali yenye kikoa cha go.tz na ukurasa wa matapeli wanaotangaza ajira hewa, na anayefahamu mipaka ya msaada wake. Ujuzi huo haukuwemo katika mitaala ya wakutubi walioajiriwa miaka 20 iliyopita. Njia ya kuwafikishia ni mafunzo kazini, na mikutano ya kitaaluma ni mojawapo ya mahali pachache ambapo wakutubi kutoka pande zote za nchi hukutana.

Sheria nazo zimeongeza wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa kila taasisi inayokusanya majina, namba za simu na anwani za watu. Daftari la wanachama wa maktaba ni hifadhi ya taarifa binafsi, na orodha ya vitabu alivyoazima msomaji inaweza kufichua maradhi yake, imani yake au mgogoro wake wa ndoa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 kwa upande wake inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na mahali pa kawaida pa kuulizia jinsi ya kuitumia haki hiyo ni maktaba. Aidha, mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh uliopitishwa mwaka 2013, unaorahisisha kutengeneza na kubadilishana nakala za vitabu zinazosomeka na wasioona na wenye uoni hafifu. Mkataba huo utabaki kwenye makaratasi iwapo mkutubi wa wilaya hajui kuwa sasa kitabu cha kiada kinaweza kugeuzwa kuwa cha sauti au cha nukta nundu kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona.

Safari ya mafunzo ya ukutubi

Mafunzo ya wakutubi katika Afrika Mashariki yalianza kama hitaji la nchi changa. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba Tanganyika ilitungwa mwaka 1963, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Makerere kikaanza kuwa na shule ya ukutubi iliyokusudiwa kuhudumia eneo zima la Afrika Mashariki. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kufuta ujinga iliyofuata ikazaa swali jipya: mtu mzima aliyejifunza kusoma atasoma nini ili asisahau? Mkutubi wa wakati huo alitakiwa ajue kumhudumia msomaji mpya, jambo ambalo vitabu vya ukutubi vilivyoandikwa Ulaya havikulizungumzia sana.

Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoweka msingi wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kama tunavyoifahamu, ikiwa na jukumu la kusimamia maktaba za umma na kuhifadhi nakala za machapisho yanayotolewa nchini. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa chemchemi ya watumishi wa ngazi ya cheti na stashahada ambao ndio wengi katika maktaba za mikoa na wilaya.

Mikutano nayo ina historia yake. Baada ya Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kuvunjika mapema katika miaka ya 1970, vyama vya wakutubi vya nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika vilianza utaratibu wa kukutana kila baada ya miaka miwili, na mkutano wa kwanza ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1974. Mwaka 1984 Nairobi ilipokea mkutano mkuu wa Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, maarufu kwa kifupi cha IFLA. Kwa hiyo wakutubi wa eneo hili wamekuwa na mahali pa kukutana kwa zaidi ya nusu karne. Linalostahili kuulizwa sasa ni kile kinachobaki baada ya mkutano kumalizika.

Nani huhudhuria, na nani hubaki

Maktaba nyingi za wilaya zina watumishi wachache, na zipo zinazoendeshwa na mtumishi mmoja. Kwake, kuhudhuria mkutano wa siku nne maana yake ni kufunga mlango siku nne, na zaidi akihesabu safari. Anayetoka Kigoma kwenda Dar es Salaam kwa reli ya kati husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu. Kuna nauli, posho ya kujikimu, malazi na ada ya ushiriki. Fedha hizo hutoka katika fungu la matumizi mengineyo, ambalo ndilo hilo hilo linalolipia umeme, maji, magazeti na bando la intaneti la maktaba.

Matokeo yake yanatabirika. Panapokuwa na nafasi moja, kwa kawaida huenda kiongozi wa kituo au ofisa wa makao makuu, si mtumishi wa kaunta anayeshughulika na wasomaji kutwa nzima. Uamuzi huo una sababu zake za kiutawala, kwani kiongozi ndiye anayesaini taarifa na kutetea bajeti. Lakini kikao cha namna ya kuwasomea watoto hadithi kwa sauti hakimfai sana mtu ambaye hatawasomea watoto. Kikao cha kuhamisha kumbukumbu za vitabu kutoka kwenye kadi kwenda kwenye programu ya Koha, ambayo hutumika bila kulipiwa leseni, kinamhitaji yule atakayeketi mbele ya kompyuta na kuingiza kumbukumbu moja baada ya nyingine.

Kuna pia suala la lugha. Mada nyingi za mikutano ya kitaaluma huandikwa na kuwasilishwa kwa Kiingereza, ilhali kazi yenyewe hufanywa kwa Kiswahili. Mtumishi anaweza kuifahamu vizuri dhana ya faragha ya msomaji akiisikia kwa Kiingereza, kisha akakwama anapotakiwa kumweleza mzazi kwa nini hawezi kumtajia vitabu ambavyo binti yake mtu mzima ameazima. Mafunzo yanayotolewa kwa Kiswahili, au angalau yenye kitini cha Kiswahili, hufika haraka zaidi kwenye kaunta.

Kinachokifanya kikao kizae matunda

Uzoefu wa mafunzo ya watu wazima, katika ukutubi na katika fani nyingine, unaelekeza kwenye mambo machache ambayo waandaaji wa mikutano wanaweza kuyatekeleza bila gharama kubwa.

La kwanza ni kuanza na tatizo la mshiriki. Badala ya mwezeshaji kuonyesha slaidi kwa saa mbili, kila mshiriki huja na jambo moja linalomsumbua kituoni kwake: rafu zilizojaa vitabu vilivyopitwa na wakati, watoto wanaokuja kukwepa jua lakini hawasomi, kompyuta tatu zinazogombewa na watu 20. Kikao hutumika kulitafutia jambo hilo njia, na mshiriki huondoka na mpango wa ukurasa mmoja wenye tarehe.

La pili ni kufanya kwa mikono. Anayejifunza kuhakiki tangazo la ajira apewe matangazo halisi, ya kweli na ya uongo, ayachambue. Anayejifunza kumhudumia msomaji asiyeona aifungue mwenyewe programu ya kusoma kwa sauti na kuitumia akiwa amefumba macho.

La tatu ni ufuatiliaji. Umoja wa vyama na taasisi za maktaba barani Afrika, AfLIA, wenye makao makuu Accra, Ghana, umewahi kuendesha mpango wa kuwakuza wakutubi wabunifu wa maktaba za umma uliochanganya masomo ya mtandaoni, mikutano ya ana kwa ana na kazi ya mradi katika kituo cha kila mshiriki. Funzo lake ni kwamba mkutano ni hatua moja katika mwendo mrefu. Mshiriki hukutana na wenzake, hurudi kazini kujaribu, hukwama, huuliza, kisha hujaribu tena. Simu moja kutoka kwa mwezeshaji baada ya miezi mitatu, ikiuliza mpango wa ukurasa mmoja umefikia wapi, inaweza kuwa na manufaa kuliko siku nzima ya ziada ya mihadhara.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Mara kwa mara husemwa kuwa mtumishi mmoja akifundishwa atawafundisha wenzake, na hivyo gharama itapungua. Njia hiyo inafaa ikiwa aliyerudi amepewa muda wa kuandaa, kitini cha kutumia na siku rasmi ya kuwakutanisha wenzake. Asipopewa, maarifa ya siku tatu hugeuka taarifa ya dakika kumi katika kikao cha Ijumaa, na anayeyapokea kwa mtu wa tatu hupata kivuli tu cha kilichofundishwa.

Muda na fedha: kipimo kinachokubalika

Mjadala huu una viwango vya kuulinganishia. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA na UNESCO, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1949 na kuhuishwa mwaka 2022, inaitambua elimu endelevu ya mkutubi kuwa sharti la huduma inayoridhisha. Mwongozo wa IFLA kuhusu kujiendeleza kitaaluma, katika toleo lake la mwaka 2016, unakwenda mbali zaidi kwa kutaja vipimo: takriban asilimia 10 ya saa za kazi zitumike kwa mafunzo na kujifunza, na kati ya asilimia 0.5 na 1 ya bajeti ya taasisi itengwe kwa ajili ya kuwaendeleza watumishi.

Vipimo hivyo vikiwekwa katika mazingira yetu vinaeleweka kwa urahisi. Kwa wiki ya saa 40, asilimia 10 ni saa nne, sawa na nusu siku. Kwa maktaba yenye bajeti ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, fungu la mafunzo lingekuwa kati ya shilingi 500,000 na shilingi milioni moja. Fedha hiyo haitoshi kuwapeleka watumishi watano kwenye mkutano wa kimataifa. Inaweza kutosha kumpeleka mmoja kwenye mkutano wa kitaifa, au kuwakutanisha wa wilaya jirani kwa siku mbili katika maktaba ya mkoa. Muhimu ni kwamba fungu likitajwa kwa jina katika bajeti, haliwi la kwanza kukatwa pale bili ya umeme inapopanda.

Msingi wa kiutumishi upo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinamtaka mwajiri aandae mpango wa mafunzo kwa watumishi wake. Kinachobaki ni kuhakikisha kuwa mkutubi wa wilaya ana jina katika mpango huo, kwa ujuzi uliotajwa waziwazi, na kwamba ameandaliwa wa kumshikia nafasi ili wasomaji wasikute mlango umefungwa. Wanafunzi wa ukutubi walio katika mafunzo kwa vitendo wanaweza kuziba pengo hilo chini ya usimamizi wa kituo cha jirani, na wao wenyewe wakapata uzoefu.

Funzo kutoka kwa jirani

Kenya inatoa mfano wa suala ambalo nasi tunapaswa kulitafakari. Katiba yake ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliyaweka masuala ya maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kabla ya hapo, huduma za maktaba za umma zilisimamiwa na taasisi moja ya kitaifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambayo ndiyo iliyobuni, pamoja na mengine, maktaba ya ngamia iliyoanza Garissa mwaka 1996 kuwafikia wafugaji. Mgawanyo huo wa madaraka uliisogeza maktaba karibu na wananchi, lakini uliibua swali kwa kila kaunti: jengo likiwa la kaunti na utaalamu ukiwa wa taifa, mafunzo ya mtumishi yanalipiwa na nani?

Kwetu Tanzania Bara, maktaba za wilaya zimekuwa zikitegemea ushirikiano kati ya Bodi na halmashauri. Ushirikiano huo ni nguvu, lakini jukumu la mafunzo lisipoandikwa linaweza kuanguka katikati, kila upande ukidhani mwenzake amelibeba. Penye wazee, wahenga walisema, haliharibiki neno. Lakini wazee hao hawana budi kwanza kukaa pamoja. Makubaliano ya maandishi kati ya pande mbili, yakitaja nani analipa nauli na nani anamshikia mtumishi zamu, yangemaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Mwananchi anahusikaje

Wapo wanaoweza kuuliza kwa nini fedha zitumike kuwafundisha wakutubi ilhali rafu zina upungufu wa vitabu. Swali hilo ni la haki, na vitabu vinahitajika. Hata hivyo, mkutubi aliyefundishwa kuchagua na kuondoa vitabu huzuia fedha kidogo zilizopo zisinunue vitabu visivyosomwa. Kompyuta zilizofungwa kabatini kwa sababu hakuna anayejua kuzitunza ni hasara kubwa kuliko gharama ya kumfundisha mtu mmoja kuzitunza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, pamoja na mitaala mipya inayoweka mkazo katika ujuzi na mkondo wa amali, itawapeleka vijana wengi zaidi kutafuta maarifa nje ya kitabu cha darasani. Sehemu yao watafika kwenye maktaba ya umma. Watakachokipata huko kitategemea yule watakayemkuta kwenye kaunta.

Kwa mantiki hiyo, mwananchi anaposoma tangazo la mkutano wa wakutubi anayo maswali matatu ya kuuliza katika maktaba yake, au kwa diwani wake wakati wa kujadili bajeti. Ni nani kutoka kituo chetu amekwenda? Amejifunza nini? Na ni huduma gani itakayobadilika hapa kabla ya mwaka wa fedha kwisha? Maktaba yenye majibu ya maswali hayo imeupa mkutano thamani yake. Isiyo na majibu inahitaji kusaidiwa kuyapata, na jukumu hilo ni la mwajiri, la waandaaji wa mikutano na la sisi tunaozitumia maktaba hizo.